Nusu Saa ya Opala

Wakati wa Zaïre, mtu wa Kisangani aliyetaka kumwambia neno ndugu yake wa Opala alikuwa na njia tatu. Ampe barua msafiri wa baisikeli, na barua ifike imelowa. Angoje boti, ambayo ilikuja mara moja kwa majuma mawili. Ao aje kwangu. Mimi nilikuwa mama wa foni.

Foni ni redio ya kusema na kusikia: sanduku la chuma juu ya meza, kipaza sauti cha kushika mkononi, waya mrefu juu ya paa, na batri ya gari chini ya meza ya kuilisha. Ilikuwa mali ya Papa Henri, mchuuzi wa mpunga na kahawa, na ofisi yake ilikuwa karibu na libongo, pale boti zinapofunga kamba. Papa Henri alikuwa na posti tatu zenye foni, Isangi, Ubundu na Opala. Akisha kuuliza habari za magunia yake, aliachia watu wa mji wakati uliobaki. Kila posti ilipata nusu saa. Ya Opala ilianza saa moja kamili asubuhi, na ikifika saa moja na nusu watu wengine waliishika njia ile ile ya hewani, na hata ukilia hawakuachii.

Alinichukua mimi kwa sababu sauti yangu haikupotea katika makelele ya hewa, na mwandiko wangu ulisomeka, ingawa shule yangu ilikoma mwaka wa nne. Kazi ilikuwa hivi. Watu wanaleta maneno, ninayaandika katika kaye, daftari la ofisi, kila ujumbe na namba yake na siku yake. Saa ya Opala ikifika, Timothée, karani wa kule, ananiita. Ninamsomea, anaandika kwa mkono, kisha wenyewe wanakuja kwake kuchukua. Ujumbe uliopita ninautia alama na siku uliyopita. Jioni Papa Henri alipiga mstari mwekundu chini ya ujumbe wa mwisho wa siku na kutia sahihi yake juu ya mstari, ili mtu asipenyeze kitu nyuma.

Mwanzoni ilikuwa fujo. Mtu alileta salamu jina kwa jina, kuanzia shangazi mpaka mbwa, na nusu saa ikaisha wamepita watatu tu. Nikachukua saa ya mkono ya mume wangu, nikapima. Timothée aliweza kuandika maneno ishirini kwa dakika. Nikikaza, alisema mkono wake si mashini. Dakika tano niliziweka kando kwa ugonjwa na kifo, maana hivyo haviombi ruhusa. Zikabaki ishirini na tano. Mara ishirini, maneno mia tano. Nikatoa mia moja kwa ajili ya magunia, makelele na kurudia. Bon, kila mtu maneno ishirini, watu ishirini kwa siku, wa ishirini na moja arudi kesho. Kwa siku za kawaida walikuja wanane ao kumi, donc sikupata kuijaribu hesabu yangu mpaka mwisho wake. Niliiona nzuri kwa sababu haijaulizwa.

Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Ukimwona mtu anatembea barabarani anahesabu kwa vidole huku midomo inacheza, ulijua anakuja kwa foni.

Sheria moja niliitia mwenyewe: ujumbe wa nyumba yangu unakwenda mwisho. Kwetu anayepakua chakula anakula mwisho, hata akikuta chungu kimekauka. Tena kulikuwa na Georgette, aliyeuza lituma, ndizi za kuponda, mbele ya dirisha la ofisi, mwanamke wa mdomo. Siku yangu ya kwanza aliwaambia watu waliopanga mstari kwamba mwenye kushika mwiko hajui njaa. Walicheka. Mimi sikucheka, na sikusahau.

Mume wangu Asumani alikuwa fundi wa kushona katika mtaa wetu wa Kabondo. Mtoto wetu Juma aliikataa mashini ya kushona. Siku ya Idi, mbele ya msikiti, watu wote wamesimama na kanzu zao, baba alimwambia arudi kazini, na Juma akajibu kwamba kukata suruali za wengine si kazi ya mwanaume. Asumani akamwambia asikanyage tena mlango wake mpaka amwite. Juma akaapa kwa Mungu kwamba hatakanyaga mpaka aitwe. Akaenda Opala kulima mpunga. Miaka mitatu ikapita. Wote wawili walikuwa watu wa kushika neno, na mimi niliyekuwa na foni mkononi kila asubuhi sikuruhusiwa kupeleka hata salamu.

Mwaka ule, mwezi wa nane, miguu ya Asumani ilianza kuvimba. Muganga wa hospitali alisema ni moyo, na akapunguza sauti alipokuwa anasema. Jumatatu alasiri Asumani aliniita karibu na mashini yake, akaniambia nishike biki.

"Andika," alisema. "Juma, miye baba yako nakuita. Radhi yangu iko juu yako. Kuja na boti ya Jumatano. Nakungoja mulangoni."

Radhi ya mzazi, kwetu, ndiyo mtoto anatembea nayo. Asipokuwa nayo, hata mvua nzuri ikinyesha shambani mwake anajiuliza. Niliandika. Aliuliza ni maneno mangapi. Nikahesabu, kumi na saba. Alikuwa mtu aliyepima kitambaa maisha yake yote asitupe hata kipande.

"Inabaki tatu," alisema. "Tia: Sina hasira tena."

Nikamwahidi kwamba yatapita kesho asubuhi.

Jumanne niliikuta ofisi imezungukwa. Matokeo ya examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yalikuwa yametoka, na kila mtu aliyekuwa na mwanafunzi Kisangani na wazazi upande wa Opala alitaka kupeleka habari. Désiré amepita, hamsini na nne. Micheline amepita. Lambert ajaribu mwaka ujao. Walikuwa arobaini na wawili, na kati yao Hilaire, mvuvi mmoja mpole, aliyekuja na habari ya mbuzi wake. Sheria yangu ilisema watu ishirini. Lakini hawa walikuwa na maneno manne, matano. Nikapiga hesabu haraka: arobaini na wawili mara tano, mia mbili na kumi, dakika kumi na moja. Niliona nafasi inabaki bure. Nikawapokea wote. Mwisho, namba arobaini na tatu, nikaandika wa Asumani.

Hesabu ile ndiyo ninailia mpaka leo. Nilihesabu maneno, sikuhesabu mlango wa kila ujumbe. Uwe mrefu, uwe mfupi, lazima uufungue: ujumbe kwa fulani, wa kijiji fulani, kutoka kwa fulani. Halafu umepata? Halafu Timothée anaomba jina herufi kwa herufi, maana vijiji vile hakuvijua na wazazi wale hakuwajua. Halafu nimepata. Dakika moja na zaidi imekwenda, na maneno yenyewe hayakuchukua hata robo yake. Watu kumi wenye maneno mengi walikuwa wepesi kuliko watu arobaini wenye maneno machache. Nilikula mpaka dakika tano za akiba. Saa moja na nusu ilipogonga, alama yangu ya mwisho ilikuwa kwenye namba ishirini na nne.

Niliporudi nyumbani Asumani aliuliza kama imekwenda. Nilimwambia iko mu kaye. Ilikuwa kweli. Yeye alielewa kwamba imepita, akarudisha kichwa kwenye mto, na mimi nikamwacha aelewe hivyo, kwa sababu kesho yake ingepita kabla ya boti kuondoka Opala saa sita, na uongo ungejifuta wenyewe.

Jumatano nilianza na ishirini na tano. Zilikuwa kumi na tisa tu, na wangu wa mwisho. Lakini foni inakula batri zaidi inaposema kuliko inaposikia, na Jumanne nilikuwa nimesema nusu saa nzima bila kupumua. Batri ilizoea kwenda garaji kutiwa moto wa umeme kila Alhamisi, na kwa siku za watu wanane ilitosha. Nilipofika namba thelathini na tano niliona mshale mdogo wa sanduku unashuka. Sauti ya Timothée ilikuja kutoka mbali.

"Mama Nyota, unazama. Batri yako inakufa. Iko nini ya lazima hapo? Nipe ile kwanza."

Niliangalia kaye. Iliyofuata ilikuwa thelathini na sita, ya Hilaire. Mwenyewe alisimama dirishani, kofia mikononi. Nyuma yake Georgette alikuwa ameshika mwiko hewani, ananitazama. Ningeweza kusema: Timothée, pokea namba arobaini na tatu. Ilikuwa dakika mbili tu. Ningeweza kuiita ugonjwa, na hakuna mtu angenilaumu. Lakini kuiita ugonjwa ilikuwa kusema kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu wa libongo, kwamba Asumani anakufa, na mimi neno lile nilikuwa sijajiambia. Na nilijivuna. Niseme tu. Nilijivuna kwa kuwa mwanamke asiyejipakulia.

Nikasoma namba thelathini na sita. Mbuzi dume asiuzwe mpaka nifike. Timothée akarudia, akapata. Nilipofungua ya thelathini na saba taa ya foni ilizimika.

Saa sita mchana boti iliondoka Opala.

Alhamisi batri ilikuwa garaji. Ijumaa ilirudi, lakini katika kichwa changu boti ilikuwa imekwenda na nyingine ni majuma mawili, sasa haraka ya nini. Wagonjwa wawili waliingia na dakika zao, watu wapya walikuja na machozi yao, Papa Henri aliongeza muda wa magunia yake, na mimi nikazisukuma zile saba zilizobaki mbele kidogo. Jumamosi ilikuwa salongo: ofisi zote zimefungwa, kila mtu na ufagio wake barabarani.

Jumamosi ile Asumani aliomba maji ya moto, akanyoa ndevu. Akavaa kanzu aliyoishona mwenyewe, iliyokuwa sasa pana kwake. Akaniomba nimwekee kiti mlangoni, kinachotazama barabara. Saa kumi tukasikia honi ya boti. Kutoka libongo mpaka kwetu mtu anatembea nusu saa, akiwa na mzigo zaidi kidogo. Watu wa boti wakaanza kupita na magunia ya mpunga kichwani, na kila mmoja Asumani alimwinamia mbele kidogo, kisha akarudi nyuma. Mmoja alimsalimu, akajibu vizuri, akamwuliza safari. Mimi nilikuwa nyuma yake na sahani mkononi. Nilijua, na yeye hakujua. Magharibi ilipoadhiniwa alisema, bila kugeuka:

"Bon. Mutoto amekataa."

Nilifungua mdomo. Niliona shingo yake jinsi ilivyokonda ndani ya kola ya kanzu, nikaona haya, nikaogopa kifua chake. Nikajiambia kesho, akisha kunywa chai, nitamweleza polepole. Nilimwomba aingie ndani. Alikubali, lakini akasema kiti kibaki pale, labda mtoto amepitia kwa mtu njiani.

Hakufika kwenye chai. Alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri, na Jumapili mchana tukamzika.

Jumatatu nilikwenda ofisini mwenyewe. Papa Henri alisema niache, mtu mwingine atasoma. Nikakataa. Sheria ilikuwa kifo kinatangulia, nikasoma cha kwetu kwanza. Kisha nikafuata mstari: thelathini na saba, thelathini na nane, mpaka arobaini na tatu. Nilifikiri kuiruka hiyo ya mwisho. Nikaona afadhali mtoto apate radhi yake hata ikichelewa. Timothée aliandika zote mbili kwenye karatasi moja.

Juma alikuja kwa baisikeli. Siku sita za njia ile, udongo mpaka magotini. Nilimwona amesimama nje ya mlango, upande wa pili wa kiti, ambacho hakuna mtu alikuwa amekigusa. Aliniamkia. Majirani walimshika mkono aingie, akajiondoa taratibu.

"Ingia, papa," nilimwambia, kama mama wa kwetu anavyomwita mtoto wake wa kiume.

"Sikuitwa, mama."

Nilimwambia aliitwa, na karatasi ameipata. Aliitoa mfukoni, imekunjwa mara nyingi, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Hakuwa na hasira, na hiyo ilinitisha zaidi. Alisema ameisoma njia nzima. Juu kuna kifo, chini kuna mwito, asubuhi moja, mkono mmoja.

"Mutu anakufa kwanza, kisha anaita?" aliniuliza. "Ni weye uliandika, mama, ju nipate kulala. Sina hasira tena. Baba hawezi kusema ile. Ile ni maneno ya mama."

Akasema atamwombea baba yake pale nje, halafu atarudi zake. Kaburini hatakwenda, kwa sababu mtu hafuati mpaka kaburini mtu ambaye hakumwita.

Ningeapa. Lakini alikwisha kuamua kwamba ninadanganya kwa upendo, na mama anayedanganya kwa upendo anaapa pia. Kitu kimoja tu hakikuweza kudanganya. Nilijifunga kitenge, nikaenda mpaka nyumbani kwa Papa Henri, nikaazima kaye. Njiani kurudi niliishikilia kifuani, na nilijua ninachobeba. Ukurasa uliosema baba alimwita ndio ukurasa uliosema mengine. Ningeweza kuufunika kwa mkono, nikaacha mstari wa mwisho tu uonekane. Nilifikiri hivyo mpaka kona ya msikiti.

Nilimpa yote.

Alisoma akiwa amesimama, kwa kidole. Namba arobaini na tatu. Maneno ishirini. Jumanne. Chini yake mstari mwekundu na sahihi ya Papa Henri, siku tano kabla ya kifo. Niliona midomo yake inasema sina hasira tena, bila sauti, mara mbili. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Kisha kidole kikaanza kupanda, kama nilivyojua kitapanda, kinapita kwenye alama zangu, moja moja, na siku zake.

"Hii ya thelathini na sita ilipita Jumatano," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Mbele ya boti?"

"Mbele ya boti."

Akasoma. "Mbuzi."

Kidole kikarudi chini mpaka arobaini na tatu.

"Na baba alijua kama yangu haikuenda?"

Hapo nilimwambia yote, na kiti, na kanzu, na watu wa boti. Nilimwambia baba yake alifikiri amekataa, na kwamba nilisimama nyuma yake na nikanyamaza.

Juma alifunga kaye, akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia kitu mtu mzima unayemheshimu. Alivua viatu vyake vya udongo. Akavuka kizingiti, akageuka, akaketi katika kiti cha baba yake, uso barabarani. Alikaa hapo mpaka watu wa soko walipokwisha kurudi makwao. Nilimletea maji, akanywa.

Kesho yake alikwenda kaburini. Nilimfuata hatua kadhaa nyuma, na hakunikataza. Siku ya tatu alifunga mzigo kwenye baisikeli. Nilimwambia tangu sasa maneno yake yatapita mbele ya ya watu wote, siku yoyote, saa yoyote. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Niligeuza mpango wa foni. Sasa nilihesabu milango kwanza, maneno baadaye: watu kumi na wawili, basi, hata matokeo yakitoka. Batri ilikwenda garaji mara mbili kwa juma. Mwito wa mzazi uliingia katika dakika za ugonjwa na kifo. Mbali na maneno ya Juma, nyumba yangu ilipanga mstari kama nyumba za wengine, mbele ya waliokuja nyuma yake. Georgette aliniletea lituma kwenye jani, akaiweka dirishani, akarudi kwenye moto wake. Watu wakasema foni ya Mama Nyota sasa inakwenda vizuri, na ilikuwa kweli.

Siku ya tisa tangu Juma aondoke, katika nusu saa ya Opala, Timothée alipokwisha kupokea za watu, aliniambia ningoje, kuna moja ya kwangu, imetoka kwa Juma. Nikachukua biki. Nikaandika namba, nikaandika siku.

"Nimefika salama," alisoma Timothée.

Nilingoja. Hewa ilikuwa safi asubuhi ile, hakuna makelele. Nikamwomba arudie.

"Nimefika salama. Njo hii tu, mama."

Maneno mawili. Yalibaki kumi na nane. Niliyaachia nafasi yake chini, mistari mitatu mitupu, na jioni Papa Henri alipoleta biki yake nyekundu akataka kufunga siku pale pale, nilimwomba apige mstari chini kidogo.